Mlango wa Chumba cha Uani

3 Februari

Brashi mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni mgongo tu unaolalamika. Nimekupigia simu wiki nzima, na ukipatikana sauti inakuja vipande vipande. Isitoshe wakili amenionya: mambo ya nyumba yote yawekwe kwenye maandishi. Kwa hiyo tutaandikiana. Barua zangu zitunze, usizifutie rangi.

Sasa kaa chini. Nyumba ni yetu! Hati imetoka kwa jina langu, nimeitazama mpaka macho yameuma. Muuzaji, yule mtoto wa marehemu mwenye nyumba, ametia sahihi mbele ya wakili, na mkataba unasema nyumba inakabidhiwa ikiwa tupu. Najua utasema nimenunua kitu kwa picha. Sawa, nimenunua kwa picha. Ningekuja kuiona, nani angebaki na wazee wa watu huku? Hapa kwenye kituo cha kutunza wazee tuko wachache, na kila mzee anataka kunyanyuliwa, kuogeshwa, kugeuzwa. Miaka yote hii nimewabeba mama za watu ili siku moja na mimi nikae kwangu, nifungue dirisha langu, nisimnyanyue mtu.

Wewe ndiye macho yangu. Hamia chumba cha mbele, paka rangi vyumba vyote, tafuta wapangaji wa maana, na kila mmoja umwandikie mkataba hata kama ni rafiki yako wa kufa na kuzikana. Desemba nakuja kukaa moja kwa moja.

Niandikie kila kitu. Nyumba ikoje? Inanukia nini?

Dada yako


21 Februari

Kwa Mheshimiwa Mwenye Nyumba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nyumbani kwako, juu ya ndoo ya rangi, maana meza haipo.

Nyumba ni nzuri, usiwe na wasiwasi. Vyumba vimezunguka ua wa saruji, na katikati kuna bomba linalodondosha maji hata ulikaze vipi. Ukuta wa upande wa barabara ulikuwa na ufa, nimeuziba. Inanukia chokaa na maji ya sabuni. Chumba changu cha mbele mchwa wameshaula mlango, limebaki ganda; ukiugusa unamwagika unga. Usiku naegemeza kabati.

Sasa lile ambalo sikutaka kuliandika. Nyumba si tupu. Kwenye chumba cha uani, kile chenye mlango wa bluu, yumo mtu. Ni bibi mmoja, fundi wa kushona, mtaa mzima unamwita Fundi. Nilipiga hodi akaitikia, "Karibu baba, sukuma tu," utadhani alikuwa ananisubiri. Nikamwambia nyumba imeuzwa. Akasema hongereni. Nikamwambia imeuzwa tupu. Akacheka. "Tupu vipi na mimi nimo?"

Anasema marehemu alimwambia akae humo mpaka siku zake ziishe, kwa sababu alimuuguzia mke wake. Karatasi hana. Nilipomuuliza ushahidi akanionyesha cherehani.

Dada, ungeuona huo mlango kwa ndani. Hakuna pa kuweka kidole. Huyu hana daftari. Kila aliyempima amemwandika mlangoni kwa penseli ya seremala. Kifua, kiuno, urefu, mkono, na jina la utani: Mama Sare, Kinyozi, Bibi Harusi wa Pili. Watoto amewapima tena na tena, mstari juu ya mstari, mpaka wakawa baba za watu. Mteja akija, anafunga mlango, anamsoma.

Akaniuliza na wewe umbo lako likoje. Nikamwambia urefu ni kama wangu ila upana umeongezeka. Usinichape. Akauliza kazi yako, nikamwambia. Akainama na penseli, akaandika kitu huko chini kabisa. Sikukiangalia.

Nifanyeje?

Mdogo wako, Brashi


14 Machi

Brashi,

Barua yako nimeisoma nimekaa kwenye ngazi za kituo. Yule muuzaji nimempigia, simu hapokei. Ameshanipa kisogo.

Sikiliza. Chumba hicho cha uani ndicho ninachokihitaji. Mchora ramani amesema choo na bafu vya ndani haviwezi kukaa pengine popote, na bila hivyo hakuna familia ya maana itakayopanga. Chumba kivunjwe kabla ya mvua. Yaani nyumba nzima isimame kwa ajili ya bibi mmoja na mlango wake wa kuandikiaandikia?

Usinione nina roho mbaya. Nimewatunza wazee wengi kuliko kuta ulizopaka. Lakini wa huku wana watoto wao waliowaleta, na huyo mimi si mtoto wake. Aende kwa ndugu zake. Kila mtu ana ndugu.

Wakili sijamwambia. Nikimwambia ataanza na vifungu, na mambo yatalala mezani kwake mpaka nizeeke. Mtoe wewe, kwa njia yoyote unayoijua. Na usiniambie ni njia gani.

Unakula vizuri lakini? Kile kikohozi cha rangi kimepona?

Dada yako


9 Aprili

Kwa mwenye nyumba, mwanangu,

Salamu zikufikie huko uliko. Mimi sijambo, ila kifua. Anuani yako nimeiona nyuma ya bahasha aliyoitupa mdogo wako, unisamehe kwa kuokota.

Nakuandikia kwanza kukushukuru. Mdogo wako ameniambia umeagiza milango yote ikaguliwe, akaja na bisibisi akautoa wangu. Alifanya kwa adabu, mpaka akafagia na vumbi la bawaba. Sasa naona ameufunga kwenye chumba chake, bila shaka ili usinyeshewe wakati tunangoja ukaguzi. Ni mwangalifu sana. Basi nilikuwa naomba umkumbushe kidogo kuurudisha. Wewe anakuogopa.

Si kwamba nalalamika. Nimetundika shuka mlangoni, na mvua ikija kwa upande huu nasogeza cherehani. Shida ni wateja. Vipimo vyao vyote viko kwenye mlango ule, na kichwa changu siku hizi kinavuja. Nina sare za shule nzima hapa, na mtoto aliyeshonewa suruali fupi hucheka mtaa wote. Kwa hiyo kila asubuhi naenda kwa mdogo wako, napiga hodi, ananifungulia nasoma ninachokitaka. Siku hizi mbili tatu amelala sana, hanisikii. Vijana kazi zinawachosha.

La pili ni kuhusu chumba. Nyumba sasa ni yako. Marehemu alinipa neno, hakunipa karatasi, na neno lake najua si mzigo wako. Ukitaka nitoke, niandikie wewe mwenyewe, kwa mkono wako, nami nitafunga vitu vyangu bila ugomvi. Nisitolewe na mvua tu. Kwa umri huu ningependa nitolewe na mtu.

Gauni lako nimeshalikata. Mdogo wako alisema kazi yako ni kunyanyua wazee. Anayenyanyua watu bega moja hushuka, na mwenyewe hajui, hulaumu nguo. La kulia nimelishusha kidogo. Ukija Desemba utalivaa.

Ni mimi, Fundi wa chumba cha uani


2 Mei

Brashi,

Yule bibi ameniandikia. Sijamjibu. Nikimjibu nitakuwa nimekubali kwamba ni mpangaji wangu, sheria hiyo ndogo hata mimi naijua. Barua yake nimeiweka chini ya godoro, na sasa silali vizuri. Nadhani ni godoro.

Habari ya mlango sikuulizi. Nilikwambia usiniambie, na hukuniambia. Ila kwa nini chumbani kwako, mtu wangu? Ungeupeleka mbali. Anauona kila siku!

Usimrudishie kwanza. Ni wiki chache tu. Mvua zikizidi ataenda mwenyewe kwa ndugu zake, na hapo hatutakuwa tumemfukuza. Lile blanketi langu zito nililokuachia mpe. Usiseme limetoka kwangu.

Kuna bibi hapa kituoni, wa kitanda cha dirishani, ameanza tabia mpya. Kila nikimfunika ananiambia funga mlango, baridi inaingia. Mlango umefungwa. Namwonyesha. Ananiambia tena.

Dada yako


27 Mei

Kwa mteja wangu,

Nimepokea nakala ya malalamiko yaliyofikishwa kwenye baraza la nyumba na mwanamke anayeishi chumba cha uani. Ameyaandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri. Haombi fidia. Anaomba mlango.

Ungeniuliza mapema ningekueleza kwa upole zaidi. Anayenunua nyumba yenye mpangaji anasimama pale pale aliposimama mwenye nyumba wa zamani. Muuzaji kuandika kwamba nyumba ni tupu hakumtoi mtu aliyemo ndani. Kunakupa wewe haki ya kumshtaki muuzaji, basi. Kumtoa mpangaji kunataka notisi ya maandishi, muda wa kutosha, na akikataa, amri ya baraza. Kung'oa mlango, kukata maji na kuezua bati ni makosa, na mwenye kuagiza akiwa mbali hana tofauti na aliyeshika bisibisi.

Shauri litasikilizwa mwezi wa saba. Mrudishieni mlango leo. Sisemi hivi kwa uwakili peke yake. Huku mvua inanyesha.

Wakili wako


8 Juni

Brashi,

Rudisha mlango. Siku hiyo hiyo utakayopata barua hii, kabla hujala. Ufunge kwa bawaba zake zile zile, uzitie mafuta zisilie. Mwambie Fundi ni mimi nimesema. Mwambie gauni nitalivaa, na barua yake nitamjibu.

Simu yako imekufa? Nimepiga mpaka nimechoka.

Dada yako


10 Juni

Dada, shikamoo.

Ametoka. Chumba cha uani ni kitupu, kama ulivyotaka.

Nilirudi kutoka kazini nikakuta shuka limekunjwa, limewekwa kizingitini, na blanketi lako juu yake. Ndani pamefagiwa. Cherehani haipo. Jirani mmoja anasema ulikuja mkokoteni, mwingine anasema alitoka kwa miguu anakohoa. Hakuaga. Au labda aliaga, sijui.

Basi nikaanza kutafuta wapangaji. Mwalimu mmoja na mke wake walichukua chumba cha kando, mkataba nikawaandikia vizuri. Baada ya siku chache mke akasema asubuhi kuna mtu anapiga hodi. Nikamwambia ni wateja wa Fundi, na ni kweli, wanakuja. Mlango wanaujua. Wakiuona wa bluu hawaangalii uko chumba gani, wanakuja moja kwa moja kwangu: "Hodi Fundi!" Nikifungua wananitazama kwa jicho la kumtazama mwizi. Mama Sare ni mwalimu mkuu wa shule ya hapo nyuma. Huyo aliingia bila kukaribishwa, akafunga mlango, akasimama kwa ndani kati yangu na chandarua changu, akatafuta jina lake kwa kidole. Alipolipata aliweka kiganja juu yake. Akatoka bila kuniaga.

Hao ni wateja. Lakini yupo mwingine, Dada. Huyu anapiga taratibu, mara tatu, anasubiri. "Hodi." Sauti ya chini. Nafungua, ua mtupu, bomba linadondosha, jua limeshapanda kabisa. Mke wa mwalimu alimsikia vile vile. Wamehama, hata mkataba hawakuukumbuka. Mimi niliwachekea, nikasema nyumba kuukuu mbao zake hulia. Nacheka, lakini nimeanza kulala na redio.

Nikivunje lini hicho chumba?

Mdogo wako, Brashi


1 Julai

Brashi,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu inasema rudisha mlango, yako inasema hakuna wa kurudishiwa. Usivunje kitu. Mtafute. Nenda kwa Mama Sare, nenda kwa Kinyozi, nenda kwa kila jina lililoandikwa hapo. Unalala na watu wote wanaomjua wamekuzunguka, na unaniambia sijui! Uliza hospitali.

Sasa nakuuliza nilichokukataza kuniambia. Ilikuwaje? Niandikie yote.

Yule bibi wa kitanda cha dirishani amefariki. Nilimfumba macho mimi mwenyewe, na Mungu anisamehe, niliona nafuu, nikijua sitaambiwa tena funga mlango. Kesho yake akaanza wa kitanda cha pili. Hawakuwahi kuzungumza hao wawili, lugha zao mbalimbali. Maneno ni yale yale: funga mlango, baridi inaingia.

Naogopa, mdogo wangu. Nyumba niliyoitafuta maisha yangu yote, naogopa kuja kuingia.

Dada yako


30 Julai

Dada, keti kwanza.

Fundi amefariki. Siku ile Mama Sare ndiye aliyemchukua kwa mkokoteni wa shule, akamlaza kwake, kisha hospitali. Mapafu. Alishazikwa barua yako ya kurudisha mlango iliponifikia. Usijilaumu kwa ajili ya posta. Hata ingewahi, ningekuwa na nini cha kumwambia?

Umeuliza ilikuwaje. Mlango niliutoa mimi, na alinishikia skrubu zisipotee. Mtu mwenye akili angeuficha. Mimi wangu ulikuwa unga mtupu, nikaona ubao mzuri usikae bure, nikaufunga kwangu. Basi akawa anakuja kila asubuhi. Anapiga hodi mara tatu, anasubiri. Namfungulia, anaingia, anafunga mlango wake mwenyewe, anasoma, anasema "asante baba", anatoka. Mwanzoni tulikuwa tunataniana. Halafu mvua zikaanza, akawa anakuja ameloa, nikashindwa kumtazama. Nikaanza kujitia nimelala. Nakaa kitandani macho kodo, namsikia anapumua upande wa pili wa ubao. "Hodi." Kimya. "Hodi, baba." Kimya. Ya tatu ilikuwa ndogo zaidi. Kisha kandambili zake zinarudi uani.

Asubuhi aliyoondoka alipiga vile vile. Nadhani ndiyo aliyokuja kuniaga. Sikufungua.

Nimejaribu kuupaka rangi ule mlango. Mimi mpaka rangi, Dada, hakuna ukuta ulionishinda. Nimepiga msasa, nimepaka ya chini, nimepaka ya juu. Ikikauka vipimo vinarudi. Penseli ile ina mafuta, najua, ndivyo ningemweleza mteja. Lakini haikurudi yote kwa pamoja. Cha kwanza kurudi ni kile cha chini kabisa, ambacho sikuwahi kuinama nikakisoma. Kimeandikwa: Mwenye nyumba. Kifua, kiuno, urefu. Na pembeni: bega la kulia limechoka.

Mlango nimeurudisha. Bawaba zile zile, nimezitia mafuta. Chumba kitupu kina mlango, na mimi naegemeza kabati. Nilidhani hodi itakwisha. Haijakwisha. Sasa inatoka uani. Nimesimama mbele ya mlango wa bluu mchana kweupe nikaisikia, na inapigwa kwa ndani.

Mama Sare amenipa kifurushi chako. Anasema Fundi alikimalizia kwake, kitandani, alikataa mtu mwingine atie sindano. Nakituma pamoja na barua hii.

Brashi


12 Agosti

Kwa mteja wangu,

Kwa kuwa mlalamikaji amefariki na hakuacha mrithi, baraza limefunga shauri. Chumba sasa kiko huru kisheria, na unaweza kukivunja wakati wowote. Kwa desturi ya kazi yangu napaswa kukupongeza.

Siku ya shauri alikuja mwalimu mkuu mmoja, akakaa mpaka mwisho, akasimama akauliza huo mlango uliorudishwa umerudishiwa nani. Mwenyekiti alinitazama mimi.

Nasubiri maelekezo yako.

Wakili wako


3 Septemba

Brashi, barua iliyofungwa ndani ya hii si yako. Usiifungue. Ipitishe chini ya mlango wa bluu, halafu uende kazini. Na usiwashe tena redio. Ukisikia hodi, itikia.


Kwa Fundi, chumba cha uani

Mama, shikamoo.

Nimechelewa kukujibu. Uliniomba kwamba nikitaka utoke nikuandikie mwenyewe, kwa mkono wangu. Mimi nikataka utoke, ila mkono wangu usionekane. Basi huu hapa, na hauna tena wa kumtoa.

Gauni limefika. Nililiacha kwenye kifurushi siku nyingi, nikiomba lisinitoshe. Lingenibana, ningekuwa na la kusema. Leo nimelivaa. Limeingia bila kuvutwa. Kila nguo niliyonunua maishani imening'inia upande wa kulia, nami nimekuwa nikilaumu waliozishona. Hili limekaa sawa, mama. Nililia mbele ya kioo cha wafanyakazi mpaka wenzangu wakaja kuniuliza nani amekufa, nikashindwa kusema ulikuwa nani wangu.

Nililivaa kazini hivyo hivyo, nikapita kitanda kwa kitanda nikingoja kuambiwa nifunge mlango. Hakuna aliyesema. Yule wa kitanda cha pili alishika upindo, akaupapasa kwa vidole, akaniuliza, "Unaondoka?" Nikamwambia bado. Akaniambia basi kaa, na nikakaa pale mpaka mkono wake ulipolegea.

Wakili nimemjibu kwamba chumba chako hakivunjwi. Vyoo vitapata pengine au visipate. Brashi haruhusiwi kupaka chochote juu ya mlango ule, na wateja wako wakija watafunguliwa wajisome. Hayo ndiyo ninayoyaweza, na najua hayakusaidii kitu.

Desemba nakuja, sina pengine pa kwenda. Nitakaa chumba cha mbele, kile kisicho na mlango, na sitauweka. Asubuhi nitavuka ua nikiwa nimevaa gauni lako, nitapiga hodi mara tatu, nitasubiri. Usipoitikia nitarudi, na kesho yake nitakuja tena. Hujafukuzwa, mama. Hiyo ndiyo barua uliyoisubiri.

Mpangaji wako